Namna ya Kupanga Mwaka wa Shughuli za Wanafunzi katika Shule ya Sekondari ya Bweni

Serikali mpya ya wanafunzi inapoapishwa mbele ya paredi, swali la kwanza inalokutana nalo bwenini huwa halihusu taaluma wala usafi wa vyoo. Wanafunzi hutaka kujua bonanza litakuwa lini, shule gani itaalikwa kwa mdahalo, na kama mahafali ya mwaka huu yatakuwa ya pilau au ya wali maharage. Wana haki ya kuuliza, kwa kuwa mwanafunzi wa bweni hukaa shuleni karibu miezi tisa ya mwaka, na katika muda huo shule ndiyo mtaa wake na ndiyo ukumbi wake wa sherehe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kaka mkuu, dada mkuu, viranja wa michezo na burudani, na mwalimu mlezi wao, katika shule ya sekondari ya Tanzania Bara yenye bweni. Shule za kutwa zinaweza kuutumia pia zikiruka yale yanayohusu usiku.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: shughuli huharibika kwa sababu ya tarehe mara nyingi zaidi kuliko kwa sababu ya uhaba wa fedha. Shule yenye matukio machache yaliyowekwa katika wiki zinazofaa huwa na mwaka mzuri kuliko ile inayorundika sherehe nne mwezi Oktoba na kuacha Februari tupu.

Kalenda kwanza

Chukueni karatasi kubwa, chora wiki zote za mwaka, kisha ondoeni kwanza zile ambazo si zenu. Mtihani wa taifa wa kidato cha sita huanza mwanzoni mwa Mei. Ule wa kidato cha nne, kwa miaka ya karibuni, umekuwa ukianza katikati ya Novemba, na upimaji wa kidato cha pili huangukia mwishoni mwa Oktoba au ndani ya Novemba. Kabla ya mitihani hiyo kuna ile ya utamilifu ya mkoa, na pembeni yake kuna mitihani ya nusu muhula na ya kufunga shule. Ongezeni likizo fupi ya Machi au Aprili, likizo ndefu ya Juni, likizo fupi ya Septemba na kufunga shule mapema Desemba. Mkishakuyaondoa yote hayo, mtaona kwamba Jumamosi zilizo wazi kweli ni chache, na ndiyo maana hazifai kugawiwa kiholela kwa kila klabu inayoomba.

Kwa kawaida nafasi nzuri ni nne. Ya kwanza ni kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Februari, kidato cha kwanza wakiwa wamekwisha kuzoea kengele. Ya pili ni Machi na mwanzoni mwa Aprili, ambapo kidato cha sita huagwa. Ya tatu ni Julai na Agosti, kipindi kirefu chenye utulivu ambacho shule nyingi hukipoteza bure. Ya nne ni kutoka mwishoni mwa Septemba hadi wiki za mwanzo za Oktoba, kwa ajili ya mahafali ya kidato cha nne. Baada ya hapo shule inapaswa kuwa kimya.

Kisha angalieni dini, kwa maana bweni moja huwa na watu wa imani mbalimbali. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kunakili kalenda ya mwaka uliopita ni kosa. Katika miaka ya 2026 hadi 2028 mwezi huo unaangukia kati ya Januari na Machi, yaani ndani ya nafasi ya kwanza na ya pili nilizozitaja. Kamati inayopanga karamu ya mchana katika kipindi hicho inawatenga wenzao waliofunga, na kamati yenye busara husogeza tukio au hugeuza chakula chake kuwa futari ya pamoja. Wasabato nao husahaulika sana. Bonanza likifanyika Jumamosi asubuhi kila mara, mwanafunzi Msabato atamaliza kidato cha sita bila kuichezea timu ya bweni lake hata mara moja. Hamisheni baadhi ya mechi ziwe Jumapili alasiri, baada ya misa na ibada, na malalamiko yatakwisha.

Ruhusa na fedha

Barua ya kuomba ruhusa ipelekwe kwa mkuu wa shule wiki tatu kabla ya tukio, ikipitia kwa mwalimu mlezi, na isizidi ukurasa mmoja. Iseme tukio ni nini, litafanyika wapi, litaanza na kumalizika saa ngapi, litahudhuriwa na watu wangapi, litagharimu kiasi gani na fedha zitatoka wapi, na walimu gani wamekubali kusimamia. Majina ya walimu ndiyo yanayopitisha barua. Mkuu wa shule anayeona kwamba mwalimu wa zamu, matroni na patroni wamekwisha kushirikishwa hana sababu ya kuogopa.

Kuhusu fedha, kumbukeni kwamba ada iliondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali tangu mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022, na kwamba michango katika shule hizo ina taratibu zake za vibali ambazo mkuu wa shule anazifahamu. Kwa hiyo serikali ya wanafunzi isitangaze mchango wowote paredini kabla ya kuzungumza naye. Mchango ukiruhusiwa, ulipwe kwenye akaunti ya shule na mzazi apewe stakabadhi. Mwanafunzi asikusanye noti mkononi, hata akiwa mwaminifu namna gani, kwa sababu siku ya kupotea kwa fedha hizo hakuna atakayemwamini. Wale ambao wazazi wao hawawezi kulipa wajulikane na mwalimu wa darasa peke yake, wala orodha ya wadaiwa isibandikwe ukutani.

Kuwapokea njuka

Wageni wa kidato cha kwanza huingia Januari, na wale wa kidato cha tano Julai, ingawa miaka mingine tarehe yao imesogea hadi Agosti. Makundi haya mawili hayafanani na hayapaswi kupokelewa kwa namna moja. Njuka wa kidato cha kwanza ni mtoto ambaye pengine hajawahi kulala mbali na mama yake. Anachohitaji ni kuonyeshwa bomba la maji liko wapi, sare hufuliwa siku gani, na nani wa kuambiwa mtu akiugua usiku wa manane. Njuka wa kidato cha tano amekwisha kuzoea bweni au walau masomo ya sekondari, lakini ametoka mbali. Wanafunzi hawa hupangwa kitaifa, na kijana wa Bukoba anaweza kujikuta Newala akiwa na tranka, godoro, ndoo, jembe na rimu ya karatasi kama fomu ya maelekezo ilivyomtaka, bila kumjua hata mtu mmoja.

Kila njuka apewe mwenyeji wake kwa jina kabla hajafika. Mwenyeji atoke bweni lile lile lakini kidato cha juu, na kwa kidato cha tano atoke katika tahasusi (mchepuo wa masomo) ile ile, ili mwanafunzi wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, aoneshwe vitabu na maabara na mtu anayevitumia. Kazi ya mwenyeji idumu wiki mbili. Matroni na patroni wapewe nakala ya orodha hiyo.

Mazoea ya kuwaamsha wageni usiku, kuwatuma maji, kuwafulisha nguo au kuwalazimisha kuimba juu ya meza hayana nafasi katika ukaribisho. Wanaoyatetea husema kwamba wao pia walifanyiwa na wakapona. Serikali ya wanafunzi itangaze siku ya kwanza kabisa, mbele ya njuka na wakubwa kwa pamoja, kwamba hayo ni makosa ya kinidhamu na kwamba kiranja atakayeyafumbia macho atavuliwa cheo. Tangazo hilo likitolewa faraghani kwa wakubwa pekee halisaidii, kwa sababu njuka hatajua kwamba ana haki ya kulalamika.

Kwa sherehe yenyewe ya kuwakaribisha kidato cha tano, tarehe nzuri ipo tayari. Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa tarehe 7 Julai, siku ambayo pia ni Sabasaba na ni mapumziko ya kitaifa, na mara nyingi wageni huwa wameanza kufika. Panga alasiri moja ya mashairi, vitendawili, ngoma na ngonjera, yale majibizano ya kishairi yaliyoenea mashuleni baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Wageni wagawanywe kwa mikoa waliyotoka, kila kundi lipewe dakika kumi kuonyesha wimbo au ngoma ya kwao. Nimeona wanafunzi wapole kabisa wakigeuka gumzo la shule kwa dakika hizo kumi, na gharama ya shughuli nzima ikawa kukodi ngoma mbili na kununua juisi. Tarehe ikigonga kabla wageni hawajafika, isogezwe kwa wiki mbili, hakuna atakayewalaumu.

Jumamosi za kawaida

Sherehe kubwa hazijazi mwaka. Kinachoujaza ni Jumamosi za kawaida, baada ya usafi wa mazingira na kufua, ambapo mwanafunzi asiye na la kufanya hutafuta tundu la uzio. Klabu ndizo zinazozishika Jumamosi hizo: skauti, klabu za wapinga rushwa, Malihai kwa wapenda wanyamapori, Roots & Shoots ya wapenda mazingira iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1991, kwaya na vikundi vya dini. Kila klabu iwe na mwalimu mlezi anayehudhuria kweli. Klabu isiyo na mlezi ifungwe.

Mdahalo unastahili kuwa na ratiba ya kudumu, mara mbili kwa mwezi. Watu wanaofanya mdahalo uchangamke ni mwenyekiti, katibu na mtunza muda, hivyo wachaguliwe kwa uangalifu kuliko hata wasemaji. Wasemaji watatu kila upande wanatosha, dakika tano kila mmoja, kisha dakika ishirini za wachangiaji kutoka kwa hadhira. Hoja iwe ile ambayo watu wenye akili timamu wanaweza kutofautiana juu yake. Hoja kwamba elimu ni bora kuliko fedha imechoka na kila mtu anajua itakavyomalizika, ilhali hoja kwamba maisha ya bweni humjenga kijana kuliko maisha ya kutwa huwasha bwalo zima. Kwa kuwa masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, walimu wengi hutaka kila mdahalo uwe kwa lugha hiyo, na matokeo yake ni kwamba wanafunzi wale wale sita huzungumza mwaka mzima. Pokezaneni, mmoja kwa Kiingereza na unaofuata kwa Kiswahili, na mtagundua wasemaji msiowajua.

Usiku wa filamu bwaloni ni burudani ya bei nafuu, lakini una sharti ambalo halijadiliwi: milango yote ya bwalo ibaki bila kufuli mpaka mtu wa mwisho atoke, kwa sababu madirisha ya majengo yetu mengi yana nondo. Mwaka 1994 moto uliozuka katika bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, uliua wasichana zaidi ya 40. Umeme ukikatika katikati ya filamu, tumieni tochi wala msiwashe mishumaa, na kiranja wa zamu awe amekwisha kuziweka mahali panapojulikana.

Kualika shule rafiki

Tukio linalosubiriwa kuliko yote, hasa katika shule za jinsia moja, ni ujio wa shule rafiki kwa mdahalo, mechi na muziki kidogo. Walimu wengi hulipinga kwa sababu ya hicho kipande cha mwisho. Kwa maoni yangu, kuupiga marufuku muziki huo hupeleka mambo vichakani, na njia bora ni kuupangia saa. Wageni wafike saa 3 asubuhi, mdahalo uwe saa 4, chakula saa 7, michezo saa 8, na muziki uwe kuanzia saa 10 hadi saa 11 na nusu jioni, mahali pa wazi, jua likiwa bado linaonekana na walimu wa shule zote mbili wakiwa wamekaa palepale. Basi la wageni liondoke kabla ya saa 12.

Wenyeji wanahukumiwa kwa mambo madogo. Je, kulikuwa na maji ya kunawa? Je, wasichana waliokuja walioneshwa choo chao na chumba cha kubadilishia nguo, au ilibidi waulize wavulana? Je, wageni walikula kwanza? Kiranja wa chakula na kiranja wa usafi ndio waandaaji wa kweli wa siku hiyo, na wanastahili kukaa kwenye kamati tangu kikao cha kwanza badala ya kupewa maagizo asubuhi ya tukio. Idadi ya wageni ithibitishwe kwa barua kati ya wakuu wa shule, na ikibadilika, ithibitishwe tena.

Michezo

Ligi ya mabweni ndiyo msingi, na hapa sitakawia kwa sababu shule nyingi zinaijua. Iendeshwe Februari na Machi, ili mwalimu wa michezo apate kuona vipaji kabla mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari nchini, hayajaanza kupanda kutoka shule hadi wilaya, kisha mkoa, na hatimaye taifa, ambayo kwa kawaida hufanyika karibu na likizo ya Juni. Ligi isiwe ya mpira wa miguu peke yake. Netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono na riadha vyote vimo katika UMISSETA, na shule ndogo hupata nafasi ya kuvuka wilaya kwa urahisi zaidi kupitia riadha kuliko kupitia soka, ambako kila shule imejipanga. Mwanafunzi anayekwenda kambini apewe mwenzake wa darasa wa kumwandikia masomo, na jina la mwenzake huyo lijulikane kwa mwalimu wa taaluma.

Siku ya kutembelewa

Siku hii huchukuliwa kana kwamba haihitaji maandalizi, kwa kuwa wazazi ndio wanaokuja. Kwa kweli ni siku ngumu kuliko zote kwa mwanafunzi ambaye hakuna atakayemjia. Wenzake wanakaa chini ya miembe na mahotipoti ya wali, kuku na chapati, naye anazunguka bwenini akijifanya ana usingizi.

Wiki moja kabla, viranja wa mabweni waandike kimyakimya majina ya wale wasiotarajia mgeni, aghalabu waliotoka mikoa ya mbali au wanaolelewa na bibi asiyeweza kusafiri. Kisha kila mmoja aombewe nafasi kwenye mkeka wa familia ya rafiki yake. Wazazi wa Kitanzania hawakatai jambo hili wakiambiwa mapema, na wengi huongeza chakula. Lisifanywe kwa tangazo wala kwa foleni. Mwaliko utoke kwa rafiki mwenyewe. Jikoni nako kusifungwe siku hiyo kwa dhana kwamba kila mtu atakula cha mgeni.

Yatangazwe pia mambo mawili kwa wazazi: simu ya mkononi haiachwi kwa mwanafunzi hata kwa siku moja, na fedha za matumizi zinawekwa kwa matroni, patroni au mhasibu kwa maandishi.

Ziara ya masomo

Chagueni mahali pa karibu penye uhusiano na mtaala. Shule za Iringa zina Isimila na zana zake za mawe, za Dodoma zina michoro ya miambani ya Kondoa, za Pwani na Dar es Salaam zina magofu ya Kaole huko Bagamoyo, na za Lindi zina Kilwa Kisiwani. Fomu ya ridhaa ya mzazi ni lazima. Kuhusu usafiri, basi likaguliwe, idadi ya abiria isizidi viti, na safari ianze alfajiri ili irudi kabla ya giza. Ajali ya basi la wanafunzi iliyotokea Karatu tarehe 6 Mei 2017, ambayo iliua watu zaidi ya 30, inatosha kumkumbusha kila mwalimu kwamba dereva anayeharakishwa ni hatari. Kama gari lililokodiwa si zima, ziara iahirishwe, hata kama wanafunzi watanuna.

Mahafali

Kamati ya mahafali iundwe miezi miwili kabla. Kwa sehemu kubwa iwe ya kidato kinachobaki, yaani kidato cha tatu wawaandalie kidato cha nne na kidato cha tano wawaandalie kidato cha sita, ili wahitimu waendelee kusoma. Wahitimu wabaki na kazi tatu tu: risala, burudani yao wenyewe, na kuchagua mavazi.

Kuhusu mavazi nina maoni makali. Sare ya shule iliyopigwa pasi vizuri, pamoja na ua au utepe wa rangi moja kifuani, inatosha kabisa. Kila mwaka hutokea kundi linalotaka suti na magauni, na kila mwaka hutokea wahitimu wanaojifanya wagonjwa siku ya sherehe kwa sababu hawakuweza kuvinunua. Joho la kukodi linaweza kukubaliwa iwapo gharama yake imo ndani ya bajeti ya wote. Fulana zenye majina ya wahitimu ziwe za hiari, na zivaliwe siku nyingine.

Mgeni rasmi apelekewe barua walau mwezi mmoja kabla, akichaguliwa kwa sababu inayoeleweka. Mhitimu wa zamani wa shule ambaye sasa ni muuguzi, mkulima mkubwa au mhandisi huzungumza na wanafunzi vizuri kuliko kiongozi anayepita kwenye shughuli tatu siku hiyo hiyo. Mgeni rasmi huchelewa. Hili lichukuliwe kama hali ya hewa, na ratiba iandikwe kwa kulizingatia: kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi kuwe na maonyesho ya maabara, ya klabu na ya kazi za mikono, ambayo wazazi wanaweza kuyatembelea bila kumsubiri mtu. Akifika, atembezwe mabanda mawili tu, kisha aketi meza kuu. Hotuba zipangwe kabla ya chakula, maana mzazi aliyekwisha kula pilau husikiliza mlio wa basi kuliko maneno ya mkuu wa shule.

Risala ya wahitimu ndiyo moyo wa siku hiyo, na mara nyingi huandikwa vibaya. Hutaja idadi ya walioanza, waliohama, walioacha na wanaohitimu, kisha hushukuru, kisha huingia kwenye orodha ya changamoto kumi na mbili: uzio, maji, maabara, kompyuta, gari, nyumba za walimu na kadhalika. Mgeni rasmi akisikia mambo kumi na mawili atajibu kwamba ameyapokea, na hapo yamekwisha. Andikeni ombi moja au mawili, yakiwa na kipimo na gharama. Kusema kwamba bwalo linahitaji madawati ya kulia, idadi yake ni hii na fundi wa kijijini amekadiria bei hii, humpa mgeni rasmi kitu cha kuahidi, na huwapa wazazi waliohudhuria kitu cha kuchangia papo hapo. Risala isizidi kurasa mbili wala dakika saba, isomwe na mhitimu mmoja msichana na mmoja mvulana kwa kupokezana, na wafanye mazoezi wakiwa na kipaza sauti chenyewe. Nakala iliyotiwa fremu akabidhiwe mgeni rasmi. Ahadi atakazotoa ziandikwe na katibu hapo hapo na zifuatiliwe kwa barua ndani ya wiki mbili.

Burudani zisizidi nne. Kwaya, ngoma moja, igizo fupi na ngonjera au shairi vinatosha, na kila kimoja kipewe muda. Igizo lipitiwe na mwalimu kabla, kwa kuwa waigizaji wana kawaida ya kuongeza utani kuhusu walimu wakiona wazazi wanacheka. Utamaduni wa ndugu kunyanyuka kumtunza mhitimu anayecheza ni mzuri, ila mshereheshaji ajue kuuzuia usigeuke dakika arobaini za shangazi za familia moja. Huyo mshereheshaji awe mtu wa shule, mwalimu au mwanafunzi, anayeyajua majina.

Kwa chakula, kilo moja ya mchele hutosha watu watano au sita, hivyo watu 600 wanahitaji kilo 100 hadi 120. Hesabuni wageni wawili kwa kila mhitimu hata kama kadi inasema mmoja. Wanafunzi wanaobaki wale chakula kile kile na kwa wakati mmoja na wageni, katika upande wao wa bwalo. Shule inayowapa wageni pilau na wanafunzi wake makande siku hiyo inajitafutia mgomo. Jenereta ijaribiwe siku moja kabla, ikiwa na mafuta ndani.

Jioni hiyo, wageni wakishaondoka, prepo, yaani kujisomea usiku, iwepo. Hili huwashangaza wahitimu, lakini mahafali yetu hufanyika kabla ya mtihani, na mwanafunzi aliyevishwa mashada na kuitwa mhitimu huanza kujiona amekwisha kumaliza. Mwalimu wa taaluma atangaze ratiba mpya ya kujisomea usiku huo huo, na marafiki wa nje wasiruhusiwe kuja tena mpaka karatasi ya mwisho.

Siku ya kuondoka na makabidhiano

Baada ya karatasi ya mwisho wanafunzi hutaka kuandikiana mashati na kupiga kelele. Wapeni saa moja ya jambo hilo uwanjani, wakiwa na mashati ya zamani, kisha wazazi au magari yawachukue siku hiyo hiyo au asubuhi inayofuata, maana vitanda na vioo huvunjwa usiku ambao hauna mwenyewe. Wekeni sanduku mlangoni pa ofisi ya matroni kwa sare, viatu, vitabu na ndoo ambazo mhitimu hazihitaji tena. Vitu hivyo vigawiwe Januari na matroni mwenyewe, bila sherehe na bila kutaja vilikotoka. Wahitimu wa kidato cha sita waliopangiwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) waelezwe mapema ni vitu gani wasiache, hasa vyeti.

Serikali ya wanafunzi inayomaliza muda wake iandike jalada moja. Ndani yake kuwe na kalenda halisi ya mwaka, pamoja na matukio yaliyoahirishwa na sababu zake. Bajeti iliyopangwa na ile iliyotumika, pamoja na stakabadhi. Majina ya wauza mchele, wenye spika na wenye mabasi waliotimiza ahadi. Nakala ya risala na ahadi za mgeni rasmi, zilizotimizwa na zisizotimizwa. Uchaguzi ukifanyika Agosti, viongozi wapya hupata nafasi ya kukaa pembeni mwa wale wa zamani katika maandalizi ya mahafali na kuona kazi inavyofanyika. Jalada likabidhiwe mbele ya mwalimu mlezi kabla ya mwisho wa Oktoba, kwa sababu baada ya hapo kaka mkuu na dada mkuu wa zamani watakuwa kwenye mtihani na hakuna atakayepata muda wa kulieleza.